Baba Yako na Maksai wa Mboje

Kijiji cha Msanzi,
Kalambo, Rukwa.
Jumapili, 3 Machi 2024

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu Raymond,

Shikamoo yako niliipata, marahaba. Hujambo? Mkeo Jenifa hajambo? Mtoto ameacha kukohoa? Mimi mzima, ila goti la kushoto linauma mvua ikinyesha, na mwaka huu mvua hainyamazi.

Naandika kwa mkono wangu maana simu ya jirani Kalista siitaki tena. Ujumbe wako aliusoma kwa sauti kisimani, watu wametega masikio. Tangu lini mambo ya ukoo yakasomwa kisimani? Shule yote ile na bado huna akili. Na mwandiko usinicheke, mimi nilisoma kisomo cha watu wazima miaka miwili basi.

Umesema niende mahakamani nikaseme macho yangu ya kizee hayakuona vizuri. Niliona. Maksai wawili wa Mboje, yule Msukuma wa bondeni, waliingia kwenye ulezi wangu saa nne asubuhi, na baba yako Zenon akawakata mishipa ya miguu kwa panga. Walilala pale wanahema mpaka Mboje akaja kuwachinja mwenyewe. Mtu mzima yule, analia.

Kwenye mkutano wa kijiji wote wakasema ni fisi. Fisi ana panga? Hata mwenyekiti wa jumuiya yetu, aliyetuongoza rozari juzi yake tu, alisema fisi. Nikasimama nikasema ni Zenon, mwanangu. Ndiyo maana yuko mahabusu Sumbawanga.

Tangu siku hiyo hakuna anayekanyaga kwangu. Zamu yangu ya jumuiya ilipofika nilitandika mikeka, nikawasha mshumaa. Hawakuja. Nilisali rozari yote mwenyewe, nasalisha na kujiitikia.

Nikapika pombe ya ulezi mitungi miwili, nikaalika watu waje kulima matuta ya kufukia nyasi, kama kila mwaka. Shangazi yako Monika akapita na jembe begani, anakwenda shamba la mwingine. Nikamwita. Akanijibu bila kusimama, "Waite Wasukuma wako, mama." Mtoto wa tumbo langu huyo.

Alikuja mmoja tu, Debora mke wa Mboje. Naye mlokole, pombe hanywi! Na matuta hajui, kwao wanalima kwa plau. Nyasi anazifunika udongo kidogo kama anafunika mboga sufuriani. Nikamgombeza, nikabomoa, tukaanza upya. Hakununa. Tulilima matuta kumi na moja, akaenda kwake. Pombe ilichacha, nikawapa nguruwe.

Wewe huko Tanga ni mwalimu wa kwaya. Kila Jumapili unanitumia mstari wa Biblia na picha ya maua. Asante. Lakini huyo Yesu unayemwimba alisema tujitwike msalaba, na msalaba ulipogusa nyumba ya baba yako tu, ukaniomba niseme uongo. Basi unaimba kwa mdomo tu, Raymond. Nimeona aibu kwa ajili yako.

Usidhani simpendi baba yako. Ni kitinda mimba wangu. Mpaka leo nasahau nampakulia, halafu kesho yake nakula mwenyewe ugali uliolala.

Sasa lipo neno sijamwambia mtu. Asubuhi ile baba yako alikuwa anakula viazi. Alipowaona maksai alisema, "Nitawaswaga nimrudishie Mboje, mama." Mimi nikamwambia nyumba hii haina mwanaume, marehemu baba yake asingewaacha watoke wanatembea. Panga nililitoa mimi nyuma ya mlango, nikampa mkononi. Kwenye mkutano nilisema la Zenon. La kwangu nililimeza. Nilisimama pale najiona mkweli kuliko kijiji kizima, na kumbe nimesema nusu. Kwaresima yote hii wenzangu wanakwenda komunyo, mimi nabaki kwenye benchi.

Alhamisi tarehe 21, siku ya kesi, nitapanda gari la alfajiri kwenda Sumbawanga, nikaseme lake na langu. Wakinifunga, wanifunge. Debora atawaangalia nguruwe.

Usije kunizuia. Ukija, uje ukae karibu na baba yako, asitazame nyuma akakosa mtu wa kwao. Mimi nikimaliza kusema sijui nitakaa upande upi.

Msalimie Jenifa, umbusu mtoto. Kaka yako Cleophas akipita huko mwambie bibi yupo. Mungu awalinde, na wewe akukaze kidogo, umelegea.

Ni mimi bibi yako, ninayekupenda hata ninapokugombeza,

Coleta