Mchele wa Vikombe Viwili

Thornton Heath, 16 Machi 2025

Mwanangu Haika,

Kilo tano za mchele wangu zimepotea kati ya tarehe mosi na jana jioni. Sasa salamu: hujambo? Maabara hawajambo? Mimi mzima, miguu tu inalalamika baada ya siku sita za saluni kule Peckham.

Hesabu ni hii. Gunia kilo ishirini. Mimi na wewe, vikombe viwili kwa siku, kila kimoja gramu mia mbili. Siku kumi na tano, kilo sita. Zibaki kumi na nne. Mizani ya bafuni inasema tisa. Nyumba hii ina watu wawili, na mmoja ni mimi.

Nakuandikia kwa sababu mdomo hukana.

Shangazi yako,
Gaudensia

17 Machi

Shikamoo Shangazi,

Pole na miguu. Mimi mzima, ila siku ya kutetea utafiti inakaribia, ndiyo maana hatuonani. Mchele labda ni panya.

Uliniuliza nasoma nini hasa. Ni klamidia, bakteria anayeishi ndani ya seli ya mtu. Anajitengea chumba humo humo, anavuta sukari ya mwenyeji kidogo kidogo, anaiunganisha kuwa mnyororo mrefu uitwao glaikojeni, anaulundika chumbani. Tukitia iodini, stoo yote inaonekana, kahawia. Akiba hiyo anaitumia, wanazaliana, kisha wanatoka.

Mwanao,
Haika

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Iodini sina, nimetumia ufagio. Chini ya kitanda chako kuna makopo matano ya mafuta ya nywele, ya saluni yangu, yamejaa mchele. Panya gani anakaza vifuniko? Na sufuria mpya, kibandiko hakijabanduliwa.

Kwa hiyo mimi ndiye seli. Haya. Huyo bakteria wako huwa anaamkia walau?

Mchele ungeomba, ningekupa gunia. Kinachonikera ni hayo maneno yako mawili, "kisha wanatoka", umeyapachika mwishoni kama jambo dogo. Mimi nilianza mji huu na kiti kimoja cha kusukia, leo ninavyo sita. Mtu anayekusanya vyombo namjua.

Unahama? Ndiyo au hapana, nyuma ya karatasi hii hii, kabla ya Jumapili saa saba mchana. Ndipo ninapopika, na sijui nipime vikombe viwili au kimoja.

Shangazi yako,
Gaudensia