Spana Juu ya Jukwaa

Kigali, Alhamisi

Mdogo wangu Dativa,

Nakusalimu, na kupitia kwako namsalimu mama pamoja na goti lake. Limepoa, au bado mnalikanda kwa maji moto? Mimi ni mzima, ila mikono imechoka na usingizi umenikimbia.

Barua yako niliisoma wakati wa kula, viazi vikapoa. Kumbe kwaya yenu ya Nyamasheke itaimba Jumamosi katika ukumbi wetu, nawe ndiye mwanzishaji wa nyimbo! Umesema ukifika ubeti wa pili utainua macho darini, nijue unanisalimu mimi ninayefunga taa na vipaza sauti. Nilifurahi, kisha nikakumbuka kilichobaki huko juu.

Baada ya mpira wa kikapu tuling'oa sakafu ya mbao, tukapanda kufunga vyuma vya tamasha lenu. Sheria ya huko juu ni kali: hubebi hata sarafu mfukoni, na spana hufungwa kwa kamba mkononi, maana chini kuna vichwa vya watu. Jana spana moja haikushuka.

Mwenzangu Gatera alinicheka. Eti, "Mzee, spana ina miguu? Italala hukohuko mpaka kiama!" Nikamjibu kwamba ngoma zikianza paa lote hutetemeka, muziki ndio utakaoipa miguu. Akaniambia nifunge domo, langoni wamejaa wanaoitaka kazi yangu.

Dativa, spana ile ni yangu. Kamba ilinichuna mkono, nikaifungua. Tangu hapo kila nikifumba macho nakuona umesimama chini yake. Leo asubuhi nilimwendea msimamizi, Mama Kayirangwa, nikamweleza. Hakufoka. Alinituma juu kwa mara ya mwisho. Niliikuta ukingoni mwa boriti, na chini kabisa, jukwaani, niliona utepe mweupe waliobandika mahali pa mwanzishaji. Niliposhuka aliipokea, akanishukuru kwa kusema ukweli, kisha akanyoosha mkono tena, apewe kitambulisho changu cha kazi.

Namkabidhi dereva wa basi barua hii ikuwahi. Mama usimwambie, nitakuja Jumapili nimweleze mwenyewe. Wasalimie wanakwaya wote.

Usiinue macho darini, simo. Nitakuwa nje, kwenye lango la malori. Imba kwa nguvu, mdogo wangu. Kuta zile ni nene.

Kaka yako akupendaye,
Anastase Bizumuremyi