"Mtamwambia Nini Meneja?"

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla Jumatatu haijafika, maana nimeharibu na sijui pa kuanzia. Mimi ni mpiga pasi katika idara ya kufulia ya hospitali, nilihamia nchi hii na mume wangu miaka minane iliyopita, na sheria ya hapa inataka ukae miaka kumi ndipo uombe uraia, kwa hiyo muda wote huu tumeishi kwa kunyata, mikutano ya wazazi shuleni siendi, chama cha wafanyakazi sikujiunga, hata pazia la sebuleni sijashona, natundika shuka, kwa sababu mume wangu husema, "Mke wangu, sisi bado, tusije tukachafua faili." Sasa mashine ya kunyooshea mashuka kitufe chake cha kuzimia kinakwama, tumesema wee mpaka tumechoka, na wiki iliyopita ikambana mkono Mama Kicheko, mwenzangu wa meza moja, aliyenifundisha kazi nikiwa sijui hata kuuliza choo kiko wapi. Wenzangu wakanichagua nikazungumze na meneja, kwa kuwa mashine ile naijua nje ndani, na mimi kwa woga nikasema, "Sasa mtamwambia nini meneja?" Mama Kicheko, bendeji hadi kwenye kiwiko, akaniangalia. "Mtamwambia? Miaka minane, shoga yangu, bado sisi kwako ni nyinyi?" Akachukua mkoba akaondoka, na tangu siku hiyo hapokei simu yangu. Mkutano ni Jumatatu, mume wangu anasema kwa mwoga huenda kicheko, nijifanye mgonjwa, imebaki miaka miwili tu. Nifanyeje?

Mpiga Pasi

*

Mpiga Pasi, pole sana. Miaka kumi si mchezo. Wakubwa wanalalamika wahamiaji hawachanganyiki na watu, na huku wamewasimamisha mlangoni muongo mzima. Hilo nimelisema, sasa zamu yako.

Sheria imechelewesha karatasi. Pazia amelichelewesha nani? Na mikutano ya shule je, inahitaji pasipoti? Mumeo anaogopa kwa sababu anawapenda, simlaumu, lakini hofu yake si sheria. Anasema kwa mwoga huenda kicheko. Mbona kwenu kicheko kimetoweka? Faili mnaliogopa kama jini, na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza. Kuuliza si ujinga, dada. Kesho asubuhi nendeni wote wawili ofisi ya msaada wa sheria, mbebe vibali vya kuishi na mkataba wako wa kazi, muulize waziwazi kama kulalamikia mashine mbovu kunadhuru ombi la uraia. Dai jibu la maandishi, na mumeo alisome mwenyewe.

Jumatatu usiingie kwa meneja peke yako. Nenda na wenzako wawili watatu, na karatasi yenye tarehe za kila mara kitufe kilipokwama. Na ulimi wako uuchunge! Sema "tumeumia", sema "hatuiwashi mpaka itengenezwe". Ukisikia ile "m" ya "mtamwambia" inakuja, imeze. Wenzako hawakukuchagua kwa huruma, walikuchagua kwa kuwa wanakuaminia vidole vyao.

Ila usisubiri Jumatatu kwa Mama Kicheko. Nenda leo, na usipeleke hotuba. Mtu wa mkono mmoja hawezi kukamua nguo, na bila shaka nguo chafu zimejaa beseni lake. Kunja mikono ya blauzi, fua, suuza, anika. Ukishaanika ndipo umwombe radhi.