Nilivyomjibu Yule Binti wa Takwimu

Malindi, Mji Mkongwe,
Unguja.
10 Juni 2024, Mfungo Tatu.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu Mundhir,

Assalaam alaykum. Miaka sita! Hata paka wa Darajani akishashiba hurudi kwao. Kila nikikupigia simu, u mkutanoni. Basi leo namwambia jirani yetu Bi Mayasa aandike kwa mkono, na nshamwapiza asinipambie maneno. Barua huwezi kuikata.

Kifua chako vipi na hiyo baridi ya ughaibuni? Hapa desturi yanitaka niseme sisi wazima, hofu ni kwako. Sisemi. Neno hilo ndilo lililoniponza.

Mwaka juzi alikuja binti na kishikwambi, katumwa na ofisi hiyo yenu unayofanyia kazi, inayopima sheria za dunia kwa takwimu. Nikampa kahawa na kashata. Akauliza, "Bibi, mahakama zenu zikoje?" Mgeni kakuuliza hali mlangoni, utamjibu nini? "Nzuri, alhamdulillah." Haki mnapata? "Tunamshukuru Mungu." Kila nikishukuru, anabonyeza. Mimi nadhani tunaamkiana, kumbe mwenzangu ndiyo keshamaliza kazi!

Kesi yetu unaijua. Jirani Haroub kageuza nyumba yake hoteli, kajenga ukuta uchochoroni, mlango wetu mkubwa haufunguki hata nusu. Mwaka wa nne huu nakwenda mahakamani. Leo hakimu hayupo, kesho faili halionekani.

Babu yako alipofariki mwaka jana, jeneza halikupita. Tulimtolea kijilango cha uani, tukampitisha jikoni kwa Mayasa, katikati ya masufuria. Wewe ulituma rambirambi kwa simu. Mayasa analia hapa. Mwache alie, lakini aandike.

Juzi nimekwenda kuuliza faili. Karani mmoja kanisomea ripoti yenu, eti huku kwetu watu wengi wameridhika na mahakama. "Sasa Bibi, mbona wenzako hawalalamiki?" Nikanyamaza, Mundhir. Mimi, ninayejulikana mtaa mzima kwa mdomo! Maana katika hao wenzangu, mmoja ni mimi.

Sikukatazi kupima. Pimeni. Dhalimu huogopa kilichoandikwa, ndiyo maana mafaili hupotea. Lakini nyinyi mnapima kwa salamu za mlangoni. Binti yule hata kahawa hakuimaliza. Angelikaa kikombe cha pili, ningelimshika mkono nikamwonesha ukuta. Jibu langu lifute. Andika: Riyama wa Malindi hajaridhika. Kisha warudi wakaulize tena, nyumba kwa nyumba.

Msalimie mkeo Dalal, na mwanangu Amjad, kitukuu ambaye sijapata hata kumnusa utosi. Shangazi yako Mwanakheir wa Makunduchi anakusalimu, naye kanuna. Mungu akuhifadhi, akurejeshe na miguu yako miwili mizima.

Kesi imepangwa tena mwezi wa tisa. Ukija, usihangaike na mlango mkubwa. Pita jikoni kwa Mayasa, alipopita babu yako. Kaa kitako, unywe kahawa. Ukiniuliza hali, nitakwambia nzuri. Niulize mara ya pili.

Akupendaye na hasira zake,
Bibi yako,
Riyama binti Suud