Bubu Amefungua Mdomo

Jumamosi, usiku

Leo nimewasha maikrofoni na kusema, wavulana wote wakisikia!

Tangu nimalize shule nacheza gemu ya bunduki kwenye simu na kaka yangu Abdi na rafiki zake, kwa jina la kiume, na hakuna anayejua kuwa ni mimi, hata Abdi. Kwa kuwa sisemi, wananiita Bubu.

Mchana wengine walishauawa kwenye gemu, wakitutazama tu. Tulibaki wawili, Abdi akiwa dukani kwa baba, mimi chumbani. Nikaona adui anamnyemelea.

"Abdi, nyuma yako!"

Akageuka, akampiga. Tukashinda.

"Wallahi, Bubu ni msichana!" mmoja akacheka.

"Ni dada yangu," Abdi akasema. "Na anawashinda nyote. Nyamazeni."

Nilizima simu. Mpaka jioni niliogopa atamwambia Hooyo, mama yetu, nami nipokonywe simu. Hooyo akapakua chakula, Abdi hakusema lolote. Alinisukumia tu chaja yake, ambayo huwa hataki hata niiguse.

"Kesho tucheze gemu ya mpira," akanong'ona. "Wewe na mimi. Usinihurumie."

Simhurumii hata kidogo.