Moshi Utoke, Mama Abaki

S.L.P. 57,
Kongwa,
Dodoma.
18 Agosti, 2024

Mpendwa dada Evelina,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji Ambokile na watoto. Vipi baridi ya Tukuyu, na mvua zenu zisizojua kupumzika? Huku kwetu ni upepo na vumbi tu, unavyoujua mwezi wa nane. Sisi sote tu wazima, na Mama, ambaye najua ndiye unayetaka kumsikia kwanza, anaendelea vizuri kuliko ulivyomwacha.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi, kisha salio linaisha. Barua haikatizwi. Kaa chini, soma mpaka mwisho, ndipo ukasirike kama bado unataka.

Ulisema tukishamaliza kuvuna utakuja kumchukua Mama akaishi kwako. Sikulaumu. Daktari alituambia mimi na wewe kwamba kifua chake hakitapona akiendelea kuinamia moshi wa mafiga, na ulimwona mwenyewe alivyokuwa akilala ameketi, amekumbatia mto. Lakini ulipoondoka Mama alinyamaza. Chakula akawa anakigusa tu. Nikasema moyoni, kama adui ni moshi, basi moshi ndio uondoke, Mama abaki.

Nikamtafuta fundi Bashiri, yule Mrangi wa Kondoa anayejenga majiko banifu huku kwetu. Alimjengea Mama jiko zuri la matofali na udongo, lina mdomo mmoja wa kuni na sehemu mbili za kuteleka vyungu. Jiko lenyewe halikutusumbua. Kilichotusumbua ni bomba la kutolea moshi, maana unapajua jikoni kwa Mama: ni ile tembe aliyoijenga Baba, paa ni miti, juu ya miti nyasi, juu ya nyasi udongo.

Bashiri alitaka kulitoboa paa, bomba litokee juu. Mama akagoma. Mbegu zake za uwele na mtama zimening'inia juu ya moto tangu sisi hatujazaliwa, na kwake mbegu isiyopata moshi ni chakula cha mdudu dumuzi. Tena, alisema, moshi ndio unaofukuza mchwa kwenye miti ya paa. Akaamuru bomba liishie ndani, chini kidogo ya paa, ili yeye asitokwe machozi lakini mbegu zipate haki yao. Bashiri alinitazama mimi, mimi nikatazama chini. Nani angebishana na Mama jikoni kwake? Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulisikia la mkuu, na nusura tuteketee.

Nakueleza yote kabla hujaelezwa na wengine. Siku moja jirani yetu Nasra alikuwa amekuja kuliona jiko jipya, Mama anasonga ugali. Upepo ulikuwa mkali, wakafunga mlango na dirisha vumbi lisiingie kwenye chakula. Moshi ulitanda juu kwenye mbegu, hivyo hawakuujali, kumbe hewa ya mle ndani ilikuwa imeshaharibika. Nasra akalalamika kichwa kinamuuma. Mama akataka kusimama, miguu ikakataa. Nasra akamburuta mpaka nje. Nilipofika nilimkuta Mama ameketi chini anatapika, na kwenye udongo wa paa panafuka moshi mwembamba. Joto la bomba lilikuwa linaziunguza nyasi kimyakimya. Tulipanda na majembe, tukafukua, tukamwaga maji. Dada, niliogopa sana.

Nilidhani Mama atasema jiko livunjwe. Alikunywa uji, akafuta mdomo, akaniambia, "Kamwite Bashiri. Atoboe."

Bashiri alipopata ruhusa akageuka mkali kama mwalimu wa zamu. Safari hii bomba limesimama wima, halina kona, kwa sababu moshi ukipindishwa-pindishwa unapoa na kurudi ulikotoka. Tundu la paa alilikata mbali na miti, akalifanya pana kuliko bomba, na nyasi zote za kandokando akaziondoa. Hapo penye paa bomba linapita ndani ya bomba jingine kubwa la bati, na pembeni yake amesiliba udongo mtupu usio na hata kijiti. Kwa juu linafika kifuani kwangu nikisimama juu ya tembe, maana likiwa fupi upepo wetu huu unausukuma moshi urudi ndani. Limevishwa kofia ya bati kwa ajili ya mvua na cheche. Chini kaacha kijidirisha cha kutolea masizi, na kazi hiyo nimepewa mimi kila mwezi, kwa kuwa masizi yakijaa nayo hushika moto. Mwisho akakataza dirisha la jikoni lisifungwe wakati jiko linawaka, hata upepo uwe mkali vipi. Hilo Mama analichukia. Anafunika chungu chake, ananung'unika, lakini dirisha haligusi.

Mbegu sasa anazichanganya na majivu, anazitia kwenye vibuyu na kuziba midomo. Na unavyomjua, hakosi la kusema: jiko linakula kuni kidogo mno, majivu hayatoshi. Mwanamke aliyelalamikia kuni miaka yote leo anakwenda kwa Nasra kuomba majivu.

Wiki iliyopita tulirudi kwa daktari. Alimsikiliza kifua, akasema kuna nafuu, dawa ziendelee, na moshi asiusogelee. Sikudanganyi kwamba amepona. Akipandisha kilima cha kanisani bado anasimama kuvuta pumzi. Lakini analala amejinyoosha, na Jumapili aliimba na kwaya ya akina mama mpaka pambio la mwisho. Nilikuwa nimekaa nyuma, na sikuona haya kulia.

Uwele umekubali mwaka huu, ingawa ndege kwelea kwelea nao walijitwalia fungu lao. Mdogo wetu Anitha amepata kazi ya kufundisha chekechea kule Nkuhungu, na ameshaanza kutusemesha sisi kama watoto wake wa darasani.

Sasa dada, ombi langu. Njoo kama ulivyopanga, ila usije kufunga nguo za Mama. Njoo ukae naye, upike kwenye jiko lake, utoke nje ulitazame bomba linavyofanya kazi, ndipo uamue. Ukiona bado hapafai, sitakuzuia.

Nisalimie sana shemeji Ambokile, mkumbushe parachichi alizotuahidi. Wasalimie watoto wote, na Marko asome kwa bidii. Mke wangu Emiliana na mjomba Sila wanakusalimu.

Mama nimemsomea barua hii yote kabla ya kuifunga. Alicheka nilipofika kwenye habari ya majivu, kisha akanituma nikuandikie maneno haya kama alivyoyatamka: "Mwambie mwanangu sikuikataa nyumba yake. Mgonjwa akiondolewa kwake watu humuaga kama asiyerudi, na mimi niliona majirani wameshaanza kuniaga. Nikipata nguvu nitakwenda Tukuyu kutembea. Aje kunipokea stendi, na siku ya kurudi asilie."

Mungu aitunze nyumba yako na pumzi ya kila aliyemo.

Wako akupendaye, mdogo wako,

Obedi