Muhuri wa Duka la Mjomba

Mdogo wangu Mbwana,

Ombi lako la disketi limekataliwa. Ndivyo alivyoniambia leo mchana karani wa kampuni ya kompyuta ya huku ugenini, mama mmoja mpole mwenye miwani, na sababu aliyoitaja ni kwamba wewe ni mfanyabiashara. Nimeanza na hilo ili usilitafute mwishoni. Sasa nikujulie hali: u mzima? Mguu wa mama unaendeleaje? Mimi sijambo, ila kichwa kimejaa masharti nisiyoyaelewa.

Kampuni inatoa mfumo endeshi mpya, ile programu kuu ya kuendeshea kompyuta, miezi kadhaa kabla haujaingia madukani. Wanaouza programu hulipa pesa nyingi kuupata mapema. Wanaogawa programu zao bila malipo hupewa disketi zenye mfumo huo kwa bei ndogo. Nikadhani huyo ni wewe hasa: ile programu ya orodha ya dawa uliyoitungia hospitali ya Muheza hukumtoza mtu, na kila aliyeomba ulimnakilia.

Karani akanionyesha barua yako. Chini umepiga muhuri wa duka la mjomba Salehe: Vifaa vya Ofisi, Jumla na Rejareja. Nikamweleza kwamba kwetu, hata sasa biashara huria iliporuhusiwa, barua isiyo na muhuri haisomwi na ofisi yoyote, basi uliazima uliokuwa karibu.

“Aazime muhuri wa duka kuthibitisha kwamba hauzi?” akauliza.

Jioni nikamsimulia Bi Asha, Mpemba ninayepanga naye nyumba.

“Mwanangu we! Mdogo wako kaenda kuomba sadaka na mizani mkononi!”

“Usimcheke. Wewe mwenyewe ungepiga muhuri.”

“Ningepiga miwili!”

Kuna la pili. Anayepewa disketi hutia sahihi kwamba hatamwonyesha mtu. Nikauliza: marekebisho atakayofanya kwenye programu yake mwenyewe, aweza kuyagawa kabla mfumo haujatoka? Karani akasema ndiyo. Mwenzake wa meza ya pili akasema hapana. Wakatazamana. Nimeandika majibu yote mawili, sijui tushike lipi.

Ninalojua ni ulilonieleza: kompyuta mpya za hospitali zitafika na mfumo huo, na programu yako ikigoma, mfamasia atarudi kutafuta dawa rafu kwa rafu, wagonjwa wakingoja. Nimeomba kusikilizwa tena, wamekubali. Andika barua nyingine kwa mkono wako, bila muhuri, useme nani anaitumia programu na kwamba hutozi. Mganga mkuu naye aandike yake. Huyo apige wa hospitali.

Mpe mama shikamoo yangu. Msalimie wifi Mwanahawa, na mjomba Salehe usimlaumu, muhuri hakuupiga yeye.

Mkuu wa kitengo atanipokea Alhamisi ya mwisho ya mwezi ujao, saa nne asubuhi. Barua zote mbili ziwe mkononi mwangu kabla ya siku hiyo.

Dada yako,
Zuhura